Risala ya Klabu ya Jiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanaklabu wote, karibu sana shuleni kwetu. Maonyesho ya mwaka huu yanamhusu Mfaransa Jean-Étienne Guettard, tabibu aliyependa mimea na mawe, mzaliwa wa Étampes, mwaka 1715.

Mgeni Rasmi, kwenye meza ya kwanza utakuta jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate. Tumeliokota hapa hapa chini ya Mlima Meru, ambako watu hujengea misingi ya nyumba. Tafadhali lishike. Ni jiwe la namna hiyo lililomsimamisha Guettard mwaka 1751, alipokuwa safarini na rafiki yake Malesherbes. Pale mjini Moulins aliuliza limechimbwa wapi, akaambiwa Volvic, katika eneo la Auvergne, Ufaransa. Akaenda mpaka machimboni, kisha akapanda mlima wa Puy de Dôme, na huko akakuta vilima vyenye kasoko na zaha (uji wa moto wa volkano) iliyoganda ikishuka mabondeni. Wenyeji walikuwa wamelichonga jiwe hilo vizazi na vizazi, wasijue kwamba wanaishi kati ya volkano zilizozimika. Mwaka 1752 aliipelekea Akademia ya Sayansi ya Paris taarifa yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1746, alikuwa ameshachora ramani inayoonyesha miamba na madini yanapopatikana, miongoni mwa ramani za kwanza kabisa za aina hiyo. Baadaye alizunguka milima ya Vosges na kijana Antoine Lavoisier, ambaye sisi tunamfahamu kwa somo la Kemia.

Hatutaficha kosa lake. Aliamini nguzo za bazalti, yaani mwamba mweusi mgumu uliosimama kama nguzo, zilitokana na maji. Nicolas Desmarest ndiye aliyeonyesha kuwa nazo ni za volkano. Kwetu hilo halimpunguzii heshima hata kidogo, kwani njia ya kwenda Auvergne aliifungua yeye. Alifariki mwaka 1786.

Mgeni Rasmi, klabu yetu ina wanachama 34 na lenzi mbili za mkono, moja imepasuka. Vielelezo tunavihifadhi kwenye maboksi ya sabuni, na lebo zinaliwa na mchwa. Tunaomba lenzi kumi, kabati moja lenye kufuli, na usafiri wa siku moja kwenda kuiona kasoko ya Ngurdoto, ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha tu ingawa iko jirani.

Tunaomba kuwasilisha.