Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi, Kayenze, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazee na wazazi wetu, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kufika kwetu huku mwaloni, mahali pa kushushia samaki kando ya Ziwa Victoria. Umepita kwenye meza zote za maonesho. Kwa ruhusa yako, risala hii itakaa zaidi kwenye meza ya mwisho, ile yenye bilauri na konokono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa kwetu mtu akivimba tumbo likajaa maji, kisha akatapika damu, wengi tumekua tukisikia kuwa amerogwa. Jirani hutajwa, undugu huvunjika, ng'ombe huuzwa kumlipa mganga. Lakini mwaka 1851 daktari Theodor Bilharz aliiona minyoo ya kichocho, ugonjwa unaoweza kuleta hali hiyo, alipokuwa akipasua maiti mjini Cairo, na mwaka 1915 Robert Leiper alionesha, huko huko Misri, kwamba minyoo hiyo hupitia kwa konokono. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa. Yakifika ziwani huanguliwa, vijidudu huingia kwa konokono, hukua humo wiki kadhaa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Mayai yakinasa kwenye ini mwaka hadi mwaka, ini hukakamaa, tumbo hujaa maji, na mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula, hupasuka. Hiyo ndiyo damu inayotapikwa.

Tulipoyaeleza haya nyumbani tulijibiwa kuwa ni maneno ya vitabuni. Mambo yalibadilika siku ya wazazi. Mwalimu wetu wa baiolojia, akiwa amevaa glavu, aliweka konokono wa ziwani kwenye bilauri ya maji safi, akaiacha juani. Baadaye tone moja likawekwa chini ya hadubini ya kuazima, na mzee mmoja mvuvi akainama kutazama. Aliona vijidudu vyenye mkia wa panda kama manati, vinajipinda bila kutulia. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hivi ndivyo vinavyotuingia tukishusha mtumbwi?" Hakuna aliyebishana naye kuhusu uchawi. Ni yeye aliyeuliza choo cha mwaloni kitajengwa lini.

Tunaamini dharau haimbadilishi mtu. Hata wanasayansi wametikiswa, tena na ziwa hili hili. Iliaminika kuwa aina mpya za samaki huchukua muda mrefu mno kutokea. Watafiti walipochimba tope la chini ya ziwa, waliona dalili kuwa lilikauka na kuanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Ilhali furu wake, samaki wadogo wa ziwa hili, ni mamia ya aina zisizopatikana kwingine. Ikabidi wataalamu wafikiri upya kuhusu muda huo.

Kwa hiyo mzazi anayehofia kuwa dawa ya kichocho ya shuleni huleta ugumba asichekwe. Hofu yake huzidi mtoto akirudi ametapika, na mara nyingi sababu ni kumeza vidonge na njaa. Uji utangulie, na mzazi aelezwe mapema kwa nini mtoto hupimwa urefu kwa kijiti kabla ya kuhesabiwa vidonge. Aelezwe pia kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haizuii maambukizi mapya akirudi majini.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulisema kwa upole. Bibi zetu wa Usukuma wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yameunguzwa na moshi wa kuni na samadi wakitupikia miaka yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa, ilhali hali hiyo ni vinasaba ambavyo mtoto hurithi kwa baba na mama wote wawili. Hapa elimu iende pamoja na sheria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba hadubini moja ya kwetu inayofanya kazi. Tunaomba ruhusa ya kuonesha jaribio hili kwenye mikutano ya mtaa na mialo ya jirani, walimu wetu wakiwepo. Zaidi ya yote tunaomba choo bora hapa mwaloni, kwa kuwa kumwonesha mvuvi kilichomo majini bila kumpa mahali pa kujisaidia ni kumwonesha hatari na kumwacha humo humo.

Tunaomba kuwasilisha.