Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: pesa ya mafuta hupita tu mikononi mwetu

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka petroli, maana nimetoka kupima tangi. Leo kijiti cha kupimia hakikuonyesha maji, namshukuru Mungu, ila mafuta yamepungua kuliko niliyouza. Hakuna aliyeiba. Petroli husinyaa kwa karibu asilimia 0.1 kila ikipoa nyuzi moja ya Selsiasi. Lori likishusha lita 10,000 zenye joto, zikapoa nyuzi 10 chini ya ardhi, karibu lita 100 hazionekani tena kwenye hesabu. Nami nilishazilipia zote, na ushuru wake juu.

Sisi wenye kituo kimoja cha mafuta, tusio na kampuni kubwa nyuma yetu, watu hutuona matajiri kwa sababu ya zile namba zinazokimbia kwenye pampu. Toa gharama ya mafuta yenyewe, toa usafirishaji, toa ushuru, uone kinachobaki. Mteja akilipa kwa kadi, makato yanahesabiwa juu ya bei nzima, ushuru ukiwemo. Yaani nakukusanyia kodi, halafu mimi ndiye ninayekatwa kwa kazi hiyo! Na bei ya jumla ikishuka usiku, mzigo wa jana, nilioununua kwa bei ya juu, bado umo tangini mwangu. Mwenye vituo mia hasara hiyo ataifidia kwingine.

Hayo tumeyazoea. Kilichonifanya nishike kalamu ni matangi.

Kanuni yako ya kututaka tung'oe matangi ya zamani na kuweka yenye kuta mbili siipingi. Chuma kikiliwa na kutu huko chini, kisima cha jirani ndicho kinachoumia, na udongo ukishaingia mafuta kuusafisha ni kazi ya miaka. Ninachopinga ni muda. Marekani ilipotoa kanuni za matangi mwaka 1988, waliokuwa na matangi ya zamani walipewa miaka 10 kuyakinga na kutu na kumwagika, na hata hivyo vituo vingi vidogo vilifunga. Sisi unatupa miezi, sawa na kampuni zenye mafundi wao na benki zao.

Nilikwenda kukopa. Afisa wa mikopo akaniuliza: magari ya umeme yakijaa barabarani, deni hili utalilipa na nini? Swali la haki. Norwei mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Nikamwambia basi nikopeshe ninunue chaja. Akasema magari yenyewe bado machache, na wenye nayo huchajia nyumbani. Nikatoka bila tangi, bila chaja. (Chai yake lakini niliinywa.)

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni muda unaolingana na ukubwa wa mfuko, na serikali idhamini mikopo ya matangi kwa wenye kituo kimoja au viwili. Anayeona bora afunge, asaidiwe kung'oa tangi salama, asije akalitelekeza chini likivuja. Makato ya kadi yasiguse sehemu ya ushuru. Hilo halihitaji hata senti ya bajeti yako.

Ukipata nafasi, njoo alfajiri lori linaposhusha. Nitakupa kijiti upime mwenyewe. Vaa viatu vya zamani.

Wako mtiifu,
Mwenye kituo kimoja