Shukrani kwa Waliochangia Matibabu ya Mama Yetu

Assalaam alaykum. Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa mama yetu wa Ngamiani, Tanga, tunatoa shukrani zetu za dhati kwa wote mliotushika mkono katika matibabu yake ya moyo. Amerudi salama kutoka Dar es Salaam, alhamdulillahi.

Shukrani za pekee ziwaendee akina mama wa kikoba chake, waliotoa kabla hatujamaliza kueleza. Waumini waliomsomea dua. Vijana wa kijiwe cha bodaboda, waliomkimbiza hospitali usiku wa manane na kukataa nauli. Na ndugu walioko Muscat. Madaktari na wauguzi, Mungu awalipe.

Wengi mmeuliza kama amepasuliwa kifua. Hakupasuliwa. Moyo haukuwa na tundu wala mshipa ulioziba. Hitilafu ilikuwa kwenye mfumo wake wa umeme, ule unaouamuru moyo kupiga. Pale umeme unapopaswa kupita njia moja, yeye alikuwa na mbili, ukawa unapata mwanya wa kuzunguka. Basi mapigo yanapaa ghafla hadi 200 kwa dakika, na ghafla vilevile yanatulia. Ndiyo maana alisumbuka miaka: akifika kwenye kipimo moyo umeshatulia, anaambiwa ana wasiwasi. Wengine mlisema jini. Nia yenu tunaijua na tunashukuru, ila kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa, halikufua dafu. Mpaka siku kipimo cha ECG, kinachochora umeme wa moyo, kilipounasa moyo ukiwa mbioni.

Alichomwa ganzi kwenye kinena, nyaya nyembamba zikapitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Madaktari wakaitafuta ile njia ya pili, wakaiunguza kwa joto, sehemu ndogo mno. Alikuwa macho. Walipouchokoza moyo kwa makusudi ili uanze mbio, akasema, "Ndiyo huyo huyo jini wenu!" Kilichomtesa zaidi ni kulazwa chali saa kadhaa bila kukunja mguu, maana mama huyu kukaa kitako hajui.

Kwa hiyo mkimkuta na ndoo ya maji, msimnyang'anye. Daktari ameruhusu.

Hesabu ya michango na matumizi iko kwa mweka hazina, kila aliyechangia ana haki ya kuiona. Kiasi kilichobaki kimetengwa kwa nauli za kliniki.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Kisomo cha shukrani ni Jumapili baada ya Alasiri, nyumbani kwa mama. Nyote karibuni.