Leseni ya juzi na mteremko wa Salgaa

Kwa Mhariri,

Mpwa wangu alipata leseni mwezi wa tano na hata wiki haijaisha akaniambia, anko nipe gari Jumamosi niwapeleke kina mama Kisumu. Nikakataa. Alikasirika sana akaniuliza sasa leseni ni ya nini, na hilo swali ndilo limenifanya niandike.

Hawa vijana wanafundishwa hapa hapa mitaani Nakuru, raundabauti mbili tatu, na ile bodi ya model town wanasukuma kagari kadogo kwa mkono. Sikatai, alama za barabara lazima wazijue. Lakini hakuna siku mwalimu alimpeleka mpaka Sachangwan, kwenye haiwei ya kwenda Kisumu, akae nyuma ya trela ya kontena huku matatu inamwashia taa kwa nyuma apishe.

Kuovateki ndio kunamaliza watu. Ukiwa 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde, na anayekuja akiwa na 80 pia, nafasi kati yenu inapungua mita 44 kila sekunde, sasa trela ndefu inaweza kukuchukua sekunde 10 kuipita, piga hesabu mwenyewe, ni karibu nusu kilomita ya barabara tupu na huko juu Mau Summit kukiwa na ukungu hata mita 100 huoni. Hiyo ni kazi ya jicho, na jicho linachukua muda.

Kurudi ndio kubaya zaidi. Kutoka Mau Summit mpaka Salgaa unateremka tu, na dereva mpya anakanyagia breki njia nzima mpaka zinashika moto, zinanuka, halafu anakanyaga na gari haishiki. Anatakiwa arudi gia ya tatu mapema, ya pili ikibidi, injini ndio izuie gari, na asiweke niutro eti anaokoa mafuta. Sisi wa huku hatujasahau ajali ya Migaa, Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa. Wala Londiani junction Juni 2023, zaidi ya 50, wengine walikuwa kando ya barabara wakifanya biashara yao tu. Na hizo zilikuwa basi na malori, gari za watu wanaolipwa kuendesha, sasa mtoto wa wiki moja je?

Naomba shule za udereva ziweke angalau siku mbili za haiwei, mwalimu akiwa kando, na NTSA, wale wa usalama barabarani, wapime hilo kwa test kabla mtu hajapewa leseni.

Mimi na mpwa wangu tulianza na Gilgil, Jumapili asubuhi malori yakiwa machache. Usiku na mvua bado. Juzi karibu na Kariandusi alifuata lori polepole kama kilomita nzima bila mimi kusema neno, akangoja mpaka barabara yote ikaonekana ndio akapita. Salgaa tutaenda mwezi ujao, nikiwa nimekaa kando yake.

Msomaji wako,
Nakuru