Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kisukari na Shinikizo la Damu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, viongozi wa dini, wageni waalikwa, ndugu wanakikundi, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha tena. Tunakushukuru kwa dhati wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu, ukaacha majukumu mazito ya ofisi yako na kufika hadi huku, mahali ambapo viongozi wa ngazi yako hawafiki mara kwa mara. Karibu sana, na ujisikie upo nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzishwa na wagonjwa wachache waliokuwa wakikutana kwenye benchi la zahanati siku za kliniki, wakisubiri kupimwa sukari na presha, ambao waligundua kwamba wote walikuwa wameambiwa wabadili chakula lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa namna ya kukibadili. Leo kikundi kimesajiliwa, kina katiba, akaunti ya benki na bustani ya mchicha, chainizi na mnafu ambayo tunaamini haina mpinzani katika tarafa nzima. Tumeshiriki maonesho ya Nanenane na kutunukiwa cheti, tumeelimisha kaya nyingi, na wapo wenzetu ambao presha imeshuka hadi mganga akawapunguzia dozi. Mezani kwako umeandaliwa maji ya ubuyu yasiyo na sukari na karanga za kuchemsha, kwa sababu chupa moja ya soda huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na tusingependa kumkaribisha mgeni wetu kwa kitu tunachowakataza watoto wetu.

Ukubwa wa tatizo hili unafahamika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari na asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na mwaka 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, hatua ambayo tunaipongeza. Inafahamika pia kwamba chakula kina nguvu katika jambo hili. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari: waliorekebisha mlo, wakapunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kila wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58, wakati waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, ilipungua kwa asilimia 31. Chumvi tumeipunguza kwa kufuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa chini ya gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mboga tunalima wenyewe. Kikwazo kilichobaki, ambacho ndicho hasa tumekuitia, ni unga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni watu wa Mkoa wa Dodoma. Wazee wetu walikula ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, na mahindi tunayo, maana hata soko kubwa la mahindi la Kibaigwa limo ndani ya mkoa huu. Hata hivyo unga unaopatikana katika maduka yote ya kata hii ni sembe. Ukisimama nyuma ya mashine ya kukoboa utaona gunia la pumba likijaa taratibu, na ndani yake zimo nyuzinyuzi, mafuta ya kiini, vitamini B, madini ya chuma na zinki. Pumba hizo huuzwa kwa wafugaji wa kuku na nguruwe, na wanadamu tunarudi nyumbani na wanga mweupe unaopandisha sukari haraka. Hatusemi kwamba dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni dawa. Ugali wa dona ukiliwa bila kipimo nao hupandisha sukari, na hilo tunafundishana kila tunapokutana. Lakini ulaji wa nafaka zisizokobolewa umehusishwa katika tafiti nyingi na upungufu wa hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, na kwa mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku maisha yake yote, badiliko hilo si dogo.

Wenye maduka hawauzi dona kwa sababu haikai: mafuta ya kiini huharibika na baada ya muda mfupi unga huwa mchungu. Kwa hiyo dona inapaswa kusagwa kidogo kidogo, karibu na mlaji. Wenye mashine za mjini hawapendi kupokea debe moja la mtama, kwa kuwa inabidi wasafishe mashine kwanza, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inazidi gharama ya kusaga. Mama mwenye vidonda vya miguu hawezi kusafiri hivyo kila wiki, kwa hiyo ananunua sembe dukani, kisha kliniki anaulizwa kwa nini hafuati ushauri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la mashine ya kusaga si geni. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapa hapa, akatangaza mbele ya umati kwamba mashine ya kusaga ingefika kabla ya mavuno. Kwa imani hiyo tulichangishana, tukafyatua matofali, tukajenga banda, tukamwaga zege la kitako na kuchimbia bolti nne za kufungia mashine. Mavuno yalifika, mashine haikufika. Mgeni aliyefuata alikagua banda, akapiga picha na kutueleza kuwa suala lipo kwenye mchakato. Aliyemfuata alituagiza tuandike barua. Tuliandika, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa tunayo. Bolti zile zimeanza kushika kutu, nasi tumezipaka grisi na kuzifunga nailoni. Tunakuomba, kwa heshima zote, ukazione kabla ya chakula.

Tunatambua kuwa viongozi huhamishwa na bajeti hubanwa, na hatumlaumu yeyote. Ila miongoni mwa waliobeba yale matofali wapo waliokwisha kukatwa mguu na wapo tuliowazika. Hatudai kwamba mashine ingewaokoa. Tunasema tu kwamba walifanya sehemu yao.

Tumeshauriwa pia tukakope. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi chetu, chenye wazee wa kiume na wa kike, hakiingii katika kundi lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo tunaomba mashine moja ya kusaga, pamoja na mota na machekeche yake, kama ankara kifani iliyoambatishwa inavyoonesha. Ya kukoboa hatuihitaji, na tunaomba isije kwa nia njema ya kutuongezea. Pamoja nayo tunaomba kipima unyevu cha nafaka na maturubai ya kuanikia, kwa sababu mahindi yasiyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo husababisha saratani ya ini, na anayekula dona hula na ganda ambamo sumu hiyo hujikusanya zaidi. Tutakuwa tumekimbia ugonjwa mmoja na kuukaribisha mwingine.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahadi zilizopita zote zilitolewa kwenye kipaza sauti. Katibu amekuandalia kitabu cha wageni, na katika ukurasa wako ameacha nafasi ya tarehe ambayo mashine itafika na jina la afisa tutakayemfuatilia. Tunakuomba uijaze nafasi hiyo kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.