Mafundi, safisheni kwanza kabla ya kutuuzia spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye magari ya zamani hapa Moshi. Corolla yangu ya 1996, injini ya 5A, ilianza kukosa sailensi, yaani injini haitulii gari likiwa limesimama. Nikisimama mzunguko wa YMCA mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka. Nikiwasha AC, injini inazima kabisa. Gereji moja wakasema pampu ya mafuta. Nyingine, plagi zote. Hakuna aliyeshika bisibisi.

Kumbe chini ya throto, mlango wa hewa iingiayo kwenye injini, kuna valvu yenye mota, inayopitisha hewa pale unapoondoa mguu kwenye mafuta. Masizi yakijaa, inakwama. Subiri injini ipoe, maana maji ya rejeta hupita hapo na yatakuunguza. Chomoa waya hasi wa betri, kisha soketi ya waya za valvu, kisha fungua skrubu zinazoishika. Skrubu hizo ni laini mno; bisibisi isiyokaa barabara inakula vichwa, na hapo ndipo utakapomtafuta fundi kwa adabu.

Yangu ilitoka nyeusi tii, masizi yamegandamana na oili. Nikapuliza kabureta klina, dawa ya kopo ya kuyeyusha masizi, nikasugua taratibu kwa mswaki wa zamani, bila kulowesha mota wala kulazimisha kuizungusha. Klina inashika moto upesi: fanyia uani, mbali na jiko. Ukirudisha, angalia gasketi na uongeze maji yaliyomwagika.

Ndugu mafundi, tutawalipa ufundi wenu wa kusafisha hata kama hakuna spea iliyouzwa.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi