Jaribio la isotopu halijaifuta mitetemo ya atomi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu supakondakta, vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipoozwa vya kutosha, ilizimaliza oksidi za shaba, mojawapo ya aina za vitu hivyo, kwa sentensi moja: eti mitetemo ya atomi haina kazi humo, kwa kuwa kubadili isotopu ya oksijeni, yaani kuweka atomi za oksijeni zenye uzito mwingine, hakuleti tofauti. Si kweli, ingawa kauli hiyo imezoeleka hata vyuoni.

Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya 1957 inasema elektroni hushikana mbili mbili kwa msaada wa mitetemo. Atomi nzito hutetema polepole, hivyo halijoto ya mpito, ile ambayo chini yake ukinzani hutoweka, hushuka. Katika YBa2Cu3O7, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba ambayo hupoteza ukinzani kwenye kelvini 93, kuweka oksijeni-18 mahali pa oksijeni-16 kungeishusha kwa kelvini 5 hivi, kama mitetemo ya oksijeni ndiyo inayobeba kazi yote. Kipimo hakifiki hata kelvini 1. Wengi hufunga daftari hapo.

Ila kelvini 93 ni kilele cha halijoto ya mpito ya oksidi hii. Ukiweka praseodimiamu mahali pa sehemu ya itriamu, mpito hushuka na athari ya isotopu hukua hadi kukaribia ile ya nadharia ya 1957. Makala haikugusa hilo.

Jaribio lenyewe nalo ni gumu. Sampuli mbili zikatwe kutoka kidonge kimoja, zipashwe moto sambamba, moja katika gesi ya oksijeni-16 na nyingine katika oksijeni-18, kwa shinikizo lilelile, kisha zipozwe kwa mwendo mmoja. Ukilinganisha na kipande ambacho hakikurudi tanurini, huenda unapima kiasi cha oksijeni na si uzito wake. Na kiasi hicho kikipungua kutoka 7 hadi 6.6 katika fomula, mpito huporomoka hadi karibu kelvini 60. Mizani ndiyo shahidi wa kwanza: ubadilishaji ukikamilika, kila gramu huongezeka kwa miligramu 21 hivi. Wa pili ni kipimo cha Raman, kinachosoma mitetemo ya atomi kwa mwanga unaotawanywa na sampuli, ambapo mstari wa mawimbi 500 kwa sentimita hushuka hadi karibu 472. Mstari huo ukikwama katikati, oksijeni-16 bado imo.

Kipimo hichohicho cha Raman kina ushahidi ambao hauhitaji isotopu kabisa. Mstari wa mawimbi 340 unatokana na oksijeni za ndani ya tabaka za shaba, zinazopanda na kushuka kwa kupokezana. Umbo lake limeegemea upande mmoja, na fuwele ikipoa chini ya halijoto ya mpito, mstari huo husogea chini. Mtetemo usiogusana na elektroni hauna sababu ya kufanya hivyo.

Hatudai kwamba mitetemo peke yake ndiyo inayozifunga elektroni. Usumaku wa shaba una sehemu yake, pengine kubwa zaidi. Tunachoomba ni kwamba mkirudia mada hii, mchapishe athari ya isotopu pamoja na halijoto ya mpito ya kila sampuli, si namba ya kileleni pekee.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam